Mbona kocha hatupeleki mstari wa nyuma?

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia hivi:

"Shikamoo kocha. Mimi na mwanangu wa kiume mwenye miaka 8 tulianza kujifunza tenisi miezi miwili iliyopita, mara mbili kwa wiki, kila mmoja na kundi lake. Mpaka leo kocha hajaturuhusu kucheza kiwanja kizima. Mimi nasimama kwenye mstari wa sevu, ule ulio kati ya neti na mstari wa nyuma, na mipira yenye doti ya kijani. Mtoto anachezea kiwanja kidogo kilichochorwa kwa chaki, na mipira yake ni myekundu, mikubwa na laini. Jirani yangu ameanza kwingine, na wiki ya pili tu alishakuwa anapiga toka mstari wa nyuma kwa mpira wa njano kama wale wa kwenye televisheni. Mume wangu anasema tunaliwa hela. Masomo ya anayeanza yanatakiwa yaende vipi, na nitajuaje kama tunasonga mbele?"

Marahaba mama. Nianze na linalokusumbua zaidi: hapana, hamliwi hela. Kwa ulivyoeleza, mmeangukia kwenye mikono mizuri. Ila najua jibu hilo halitakutosha wiki ijayo utakapomwona jirani yako akiachia mpira kwa nguvu toka nyuma huku wewe umesimama hatua chache kutoka kwenye neti. Kwa hiyo ngoja nikueleze kinachoendelea hapo kiwanjani.

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira wa njano wa kawaida ukidondoshwa juu ya zege toka urefu wa sentimita 254, kanuni zinataka udunde kufikia kati ya sentimita 135 na 147. Mwanao wa miaka 8 pengine hajafika sentimita 130. Sasa mpira huohuo umepigwa juu kidogo, umedunda mbele yake, unapanda na kumpita kichwa. Afanye nini? Atarudi nyuma mpaka agote fensi, au atainua raketi juu kama anayefukuza popo na kuupiga huku ameinamisha uso. Akirudia hivyo mara 100 kwa wiki, basi hiyo ndiyo tenisi anayojifunza: kuogopa mpira na kupigia juu ya bega. Kuja kumvua tabia hiyo akiwa na miaka 12 ni kazi ngumu. Nimeifanya mara nyingi na siipendi.

Mpira mwekundu kwa kipimo hichohicho unadunda sentimita 90 hadi 105, na ule wa sponji unaweza kuwa chini zaidi kidogo. Unafika kwake kiunoni, mahali ambapo mchezaji mkubwa naye anataka kuupigia. Mpira wa rangi ya machungwa hufika sentimita 105 hadi 120, na wenu wa doti ya kijani 120 hadi 135. Mwendo nao unapungua: mwekundu ni wa polepole kuliko wa njano kwa takriban asilimia 75, wa machungwa kwa asilimia 50, wa kijani kwa 25. Kiwanja kinakua pamoja na mpira. Cha mwekundu ni mita 11 hivi kwa urefu na neti yake iko chini, cha machungwa mita 18, ndipo unafika kiwanja kamili cha mita 23.77. Kwa hiyo mtoto wako anacheza tenisi kamili, iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wake.

Wala kocha wako hakuyabuni haya. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilianza kuyaeneza mwaka 2007 kupitia mpango wa Play and Stay, likiwa na shabaha moja tu: anayeanza aweze kuanzisha mpira, kupokezana na mwenzake na kuhesabu pointi toka somo la kwanza. Tangu 2012 kanuni za shirikisho hilo haziruhusu mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Mwambie baba mtoto hilo.

Na wewe mtu mzima je? Wewe mpira haukupiti kichwa. Kinachokukosesha ni muda. Anayeanza huuona mpira kwa kuchelewa: mwenzake ameshapiga, mpira umeshavuka neti, umeshadunda, ndipo yeye anaamua ni upande wa kulia au wa kushoto. Hapo anabaki na nafasi ya kufanya kitu kimoja tu, yaani kurusha mkono. Mabega hayajageuka, miguu imegota. Doti ya kijani na kiwanja kifupi vinakurudishia ile nusu sekunde uliyonyang'anywa, nayo ndiyo nusu sekunde ya kugeuza bega na kuweka mguu.

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha sikulijua hili. Nilimpeleka kila mtu mstari wa nyuma, nikawapa mipira ya njano, kisha nikasimama na kapu nikiwarushia mmoja mmoja. Waliopiga vizuri walikuwa wale waliozaliwa na vipaji. Wengine waliacha kabla ya mwezi wa tatu, nami nilidhani hawana nia. Walikuwa na nia. Mimi ndiye niliyewaweka mahali ambapo hawawezi kufanikiwa, na bado inaniuma.

Sasa namna masomo yanavyokwenda. Wiki za kwanza ni za jicho na mkono kuelewana, na hapa sipendi kuharakisha hata kidogo. Niliwahi kuwa na mwanafunzi, mhasibu wa miaka 40 hivi, mwenye nguvu, mchezaji mzuri wa mpira wa miguu enzi zake. Kila mpira ulikuwa unaenda kwenye fensi. Siku ya tatu nikamwomba raketi, nikaiweka kwenye benchi, nikamwambia adake mpira kwa mkono mmoja baada ya kudunda mara moja. Akadaka ishirini, akiwa ananitazama kama anayesubiri nimwambie tunafanya nini. Nikamwambia, "Usisogee. Angalia mkono wako uko wapi." Ulikuwa umebanwa pembeni ya mbavu, karibu nyuma ya nyonga. Kila mpira alikuwa anausubiri umfikie. Tukaanza upya: daka mbele, kiganja kikiwa mbele ya goti la mbele, mkono umekunjuka kidogo. Robo saa nzima. Kisha nikamrudishia raketi na kumwambia adake mpira kwa nyuzi. Siku hiyo tulipokezana mipira 11 bila kukosa, kutoka mstari wa sevu mpaka mstari wa sevu. Somo lililotangulia tulikuwa hatujavuka mitatu.

Kupiga mpira mbele ya mwili ndilo jambo ninaloliangalia kabla ya lingine lolote. Ukiona kocha anawachezesha michezo ya kudaka, kusukuma mpira polepole, kuudundisha juu ya raketi mkitembea, ujue analijenga hilo.

Baada ya hapo huja foahendi, pigo la mkono wa mbele. Namna ya kushika, ilaze raketi chini kisha iokote kama unavyookota kitu chochote. Mshiko utakaoupata unakaribia sana ule tunaoutaka. Raketi inaanzia chini ya mpira na kumalizia juu, karibu na bega la upande wa pili. Hapa wengi hukosea kwa kulenga neti. Neti katikati ina sentimita 91.4 na kwenye nguzo 107, na anayeanza hutaka mpira uipite kwa kuikwaruza, kama alivyoona kwenye televisheni. Lenga mpira upite mita moja juu yake. Mpira unaopita juu hivyo unadunda ndani zaidi, na unampa mwenzako nafasi ya kuurudisha, nanyi mnaendelea kucheza.

Bekihendi, pigo la upande wa pili, wengi siku hizi tunaanza nayo kwa mikono miwili. Mtoto hana nguvu ya kifundo kwa mkono mmoja, na mtu mzima anayeanza mara nyingi hana pia. Usihangaike nayo sana. Kwa watu wengi hutulia haraka kuliko foahendi, kwa sababu mikono miwili huzuia fujo. Voli, yaani kupiga kabla mpira haujadunda, ni fupi zaidi: unausimamisha tu, huuvuti mkono nyuma.

Sevu, pigo la kuanzisha pointi, ndiyo inayonifanya niandike kirefu. Ni pigo pekee ambalo mpira unatoka mkononi mwako mwenyewe, hakuna anayekukimbiza, na bado ndilo linalowatesa watu miaka. Chanzo ni mshiko. Anayeanza huishika raketi bapa, nyuzi zikitazama mbele, kama anayepepea jiko la mkaa. Kwa mshiko huo mpira unaingia! Wiki ya kwanza anaingiza sita kwenye kumi na anafurahi. Lakini mkono hauwezi kujikunja, mpira hauzunguki, na siku atakapotaka kuongeza kasi kidogo tu, yote yatatoka nje. Basi kocha mwema atakushikisha raketi kama nyundo, ukingo wa fremu ukitazama chini. Kwa wiki kadhaa utaingiza miwili kwenye kumi. Utaona kama umerudi nyuma. Vumilia, maana mshiko huu ndio utakaokaa nao maisha yako yote ya tenisi.

Mwendo wa mkono unaujua tayari. Kama uliwahi kuangua embe kwa kurusha jiwe ukiwa mtoto, huo ndio: kiwiko kinapanda, bega linageuka, mkono unafunguka juu. Ndiyo maana siku ya kwanza huwarushisha wanafunzi mipira kwa mkono kuvuka neti, bila raketi kabisa. Kigumu ni ule mkono wa pili unaorusha mpira juu. Fanya zoezi hili nyumbani, uani, bila kupiga: kunja kanga mara nne, iweke chini mbele kidogo ya mguu wako wa mbele, simama kama unayetaka kuanzisha. Shika mpira kwa ncha za vidole, nyanyua mkono ukiwa umenyooka kama unayepandisha glasi ya maji usiyotaka imwagike, achia mpira mkono ukifika usawa wa macho. Mpira upande juu kuliko raketi yako inavyoweza kufika, kisha udondoke juu ya kanga. Ukipata saba kwenye kumi, umemaliza sehemu kubwa ya sevu bila kulipia saa hata moja.

Miguu nayo ina jambo moja ambalo hutaliona ukiwa unafuata mpira kwa macho. Siku moja usiangalie mpira, mwangalie kocha wako anapopokezana na mwanafunzi. Kila mwenzake anapokaribia kupiga, kocha anaruka kidogo sana, miguu yote miwili, anatua akiwa amepanua miguu na kukunja magoti kidogo. Karuko hako ndiko kanakomfanya aonekane hakimbii. Anza kukaiga sasa, hapohapo kwenye mstari wa sevu.

Na mtasogea lini mpaka mstari wa nyuma? Mimi hutumia kipimo hiki: mkiweza kupokezana mipira 20 mfululizo toka mstari wa sevu, kwa siku tatu tofauti, na si kwa kubahatisha, nawasogeza mpaka katikati ya mstari wa sevu na ule wa nyuma. Hapo tena kumi na tano, ishirini. Kisha nyuma kabisa, kwa mpira uleule wa kijani. Ndipo tunabadilisha rangi. Sibadilishi mpira na umbali siku moja. Kwa mtu mzima anayekuja mara mbili kwa wiki, nimeona wengi wakifika kiwanja kizima kati ya mwezi wa tatu na wa tano, na mpira wa njano baadaye kidogo. Mtoto wa miaka 8 anaweza kukaa na mwekundu miezi kadhaa zaidi, kisha machungwa mpaka miaka 10 hivi. Msimsukume.

Kila mnaposogea, mtaharibika. Mipira 20 itakuwa minne. Mwanafunzi anayehama toka kiwanja kifupi kwenda kirefu hudhani amesahau kila kitu, na huo ndio mwezi ambao watu wengi huacha tenisi. Hamjasahau. Mwili unapima umbali upya, na kwa kawaida wiki tatu au nne hutosha kurudi mlipokuwa.

Pointi mnahesabu? Hili hukulitaja, nami nataka ujue jibu. Kwa watu wazima, hesabu ya tenisi ya 15, 30, 40 na gemu inafundishika ndani ya dakika kumi, hata kwenye kiwanja kifupi. Watoto wahesabu moja, mbili, tatu mpaka 7 au 10. Kama miezi miwili imepita na hamjawahi kucheza hata pointi moja, hapo ndipo ningeenda kumwuliza kocha kwa adabu: "Kocha, tunaanza lini kucheza pointi?" Kupiga mipira ya kapu na kucheza na mtu anayetaka kukushinda ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakijifunzi kwa cha kwanza.

Jambo la pili la kuangalia ni foleni. Kaa benchi siku ya mtoto na uhesabu kimya kimya: kwa dakika kumi, mwanao amegusa mpira mara ngapi? Kama watoto wanane wamejipanga mstari na kila mmoja anapiga mpira mmoja kisha anarudi nyuma, huko ndiko hela zinakoliwa, haidhuru wanapigia kiwanja kikubwa kiasi gani. Vile viwanja vidogo vya chaki vina faida hii kubwa ambayo watu hawaisemi: kwenye kiwanja kimoja cha kawaida vinaingia vinne au zaidi, na watoto wote wanacheza kwa wakati mmoja.

Nimewaona wazazi wengi wakibadilika tangu Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini ilifuata wimbi la wazazi wanaotaka mtoto wa miaka 7 apige kwa nguvu. Nawaomba wamwache mtoto kwanza aweze kuurudisha mpira mara nyingi. Nguvu huja na urefu na mabega, haina haja ya kuitwa mapema.

Kuhusu vifaa, mambo machache. Mtoto wa umri huo anahitaji raketi ya inchi 23 au 25 kulingana na urefu wake, si ya babake. Simamisha raketi pembeni ya mguu wake: akiifikia kwa kiganja bila kuinama wala kukunja kiwiko, ni saizi yake. Wewe chukua ya inchi 27 isiyo nzito, gramu 260 hadi 285. Viatu vya kukimbilia barabarani vina kisigino kilichoinuka na ukicheza kwa kukata pembeni kifundo cha mguu kinageuka, kwa hiyo ukipata hela ya kitu kimoja tu, nunua viatu vya kiwanjani kabla ya raketi mpya.

Na mipira iliyokufa. Huku kwetu kapu la kocha mara nyingi limejaa mipira ya njano iliyonyonyoka manyoya, na utasikia mtu akisema, "Hii nayo ni ya polepole, ni sawa na ya kijani." Si sawa. Mpira wa kijani umetengenezwa udunde chini kidogo lakini udunde vizuri kila mara. Uliokufa haudundi, unateleza na kubaki chini, na wewe unalazimika kuusukuma kwa nguvu ili uvuke neti. Kiwiko ndicho kinacholipa. Ukianza kusikia maumivu upande wa nje wa kiwiko, bonyeza mipira iliyo kapuni kwa kidole gumba. Ikibonyea kirahisi, afadhali uchange na wenzako mnunue mipya michache.

Nunua pia daftari dogo. Kila baada ya somo andika mambo matatu: mipira mingi zaidi mliyopokezana bila kukosa, sevu ngapi zimeingia kwenye kumi, na mara ngapi ulipiga mpira ukiwa umeshageuza bega. Hilo la mwisho utalikadiria, na si neno. Huko mbele, ukianza kucheza mashindano, utakutana na namba ya dunia ya tenisi (World Tennis Number), kipimo cha uwezo wa mchezaji, inayoanzia 40 kwa wanaoanza na kushuka hadi 1 kwa wanaolipwa. Kwa sasa daftari linatosha.

Jirani yako mwalike Jumamosi, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Msimame kwenye mistari ya sevu, wewe upande huu na yeye upande ule, na mpira mmoja wa doti ya kijani. Msishindane. Hesabuni kwa sauti mpira unavyovuka, na uniandikie mmefika ngapi.